Balozi wa Vyoo

Nilipewa cheo cha balozi wa vyoo bila kukiomba, na nilikaa nacho karibu mwaka mzima kabla ya kunyang'anywa. Wakati huo nilikuwa, kama nilivyo hadi leo, mtangazaji wa kipindi cha afya katika kituo kidogo cha redio mjini Kitale. Kipindi hutoka Alhamisi asubuhi, watu wakiwa wamemaliza kukamua ng'ombe, na hewa ikiwa nzuri tunasikika Saboti upande mmoja na Bungoma upande mwingine.

Kabla ya ubalozi nilijiona mwandishi mwenye msimamo. Niliuliza pande zote mbili, sikuamini daktari kwa sababu ya koti lake, na mtu wa dawa za mitishamba aliyedai anatibu kila kitu nilimuuliza kwa nini yeye mwenyewe anakohoa. Kisha shirika moja lenye ofisi Bungoma likatualika sisi waandishi wa afya kwenye semina ya siku mbili. Shirika hilo lilikuwa na kampeni ya kuhakikisha kila boma katika vijiji kadhaa lina choo cha shimo. Ni vigumu sana kumkuta mtu mwenye akili timamu anayepinga choo, na nadhani hapo ndipo mtego wangu ulipotegwa. Mtu akiuza dawa ya uongo unakaa macho. Mtu akikuletea choo, unalala.

Siku ya kwanza tulifundishwa jinsi uchafu unavyotoka kichakani mpaka kinywani kupitia nzi, vidole na maji. Hayo yalikuwa kweli na yalielezwa vizuri. Siku ya pili tulifundishwa kuandika, sisi ambao kuandika ndiyo kazi yetu. Afisa wa mradi, kijana mcheshi mwenye viatu visivyowahi kuonekana na tope hata mvua ikinyesha, alituambia neno "tatizo" linavunja watu moyo, tuseme "fursa". Tusiseme watu wamekataa, tuseme wako safarini. Mwandishi mmoja wa gazeti, mtu mzima mwenye mvi, aliuliza: kijiji kikichimba vyoo na kisivitumie, tuandike nini? Afisa alitabasamu akasema kijiji hicho kiko safarini. Tulicheka wote, na mimi nilicheka zaidi ya wengine, kwa sababu nilikuwa nimeketi karibu naye.

Mwisho wa semina nilitangazwa balozi. Nilipewa fulana ya manjano iliyoandikwa mgongoni kwa herufi kubwa: KWETU HATUENDI VICHAKANI. Watu hudhani mwandishi hununuliwa kwa bahasha. Mimi sikupewa bahasha yoyote. Nilinunuliwa kwa kiti. Kila palipokuwa na mkutano wa shirika, waandishi wengine walisimama juani na daftari zao, nami nilikuwa na kiti ndani ya hema, mstari wa pili, nyuma tu ya chifu, chenye karatasi iliyoandikwa "Balozi" na chupa ya maji mbele yake. Mtu ambaye ameripoti mabaraza miaka mingi akiwa amesimama anajua uzito wa kiti.

Kipindi changu nacho kikabadilika pole pole, bila mimi kuona. Nilianza na afisa wa mradi, nikaja kwa msaidizi wake, nikamalizia na wimbo wa kampeni. Kwa hesabu yangu nilikuwa bado nauliza pande mbili: afisa, na msaidizi wake.

Aliyeona ni mama yangu. Yeye ni mkulima wa viazi na mahindi Saboti, ambako wazazi wake walihamia kutoka sehemu za kati za nchi. Jumapili moja nilimkuta shambani akipalilia, nikasimama kando ya mtaro kwa sababu ya viatu. Alinisalimia, akaniuliza habari za watoto, akaniuliza kama nimekula. Kisha, bila kuacha jembe, akasema:

"Mimi hukusikianga kila Alhamisi. Siku hizi wewe ni wa redio ama ni wa hiyo tisheti?"

Nilimweleza kwa urefu kwamba afya si siasa, na kwamba si kila jambo lina pande mbili. Nzi aliyetoka chooni kuja kwenye ugali hana upande wa pili wa kuhojiwa.

"Sijauliza nzi," mama akasema. "Nimeuliza wewe."

Nilirudi Kitale nikimwonea huruma kwa kutoelewa mambo ya kisasa.

Mwezi wa saba ikaja siku kubwa. Kijiji kimoja nje ya Naitiri kilikuwa kinatangazwa kijiji safi, yaani kila boma lina choo na hakuna mtu anayejisaidia nje. Niliombwa kuongoza sherehe. Nilipouliza kama nitakuwa pale kama mwandishi au kama mfanyakazi wa sherehe, niliambiwa nitakuwa vyote viwili, na nikaona ni heshima. Kulikuwa na hema, kwaya ya akina mama wa kanisa, utepe mwekundu uliofungwa kwenye choo cha mfano, na jiwe lenye maandishi lililofunikwa kwa kitambaa. Asubuhi tulizungushwa kwenye maboma. Kweli kila boma lilikuwa na choo, kimekandikwa vizuri, kina mlango wa mabati na mtungi wa kunawia mikono umening'inizwa kwa kamba. Niliona pia kwamba kila mlango ulikuwa na kofuli. Nikasema kwenye kinasa sauti changu kwamba wananchi wanathamini vyoo vyao kiasi cha kuvifunga.

Hotuba zilianza saa nne, na ilipofika saa saba chifu alikuwa bado anawatambulisha wageni. Nami tangu asubuhi nilikuwa nimekunywa chupa zangu za maji za ubalozi, na chai ya mapokezi juu yake. Choo cha mfano kilikuwa kimefungwa utepe ambao ulikuwa bado haujakatwa. Nikatoka kwa nyuma ya hema nikaenda kwenye boma lililokuwa karibu. Nilimkuta bibi mmoja ameketi kivulini akipukuchua maharagwe. Huko bibi huitwa Kukhu, nami nikamwita hivyo, nikamsalimu, nikamwomba anisaidie choo.

Alinitazama usoni, akaitazama fulana yangu, akainamia maharagwe yake tena.

"Imefungwa. Ufunguo iko na mke wa kijana yangu, na ameenda kuimba huko kwa sherehe."

Nikamuuliza kama kuna ufunguo mwingine, kwa maana hata yeye lazima awe anatumia kitu. Akasema ufunguo ni mmoja.

"Hiyo choo ni ya wageni," akaniambia.

"Lakini mimi ni mgeni, Kukhu."

"Si mgeni kama wewe. Wageni wa kuangalia."

Akanyoosha kidole kuelekea shamba la mahindi, kwa upole kabisa, kama mtu anayekuonyesha mahali pa kulala. Sikuwa na muda wa mjadala. Mahindi yalikuwa yamenipita kichwa, na kijia kilichoingia humo kilikuwa kimekanyagwa vizuri kikawa laini. Huko ndani, nikiwa nimechuchumaa na maneno KWETU HATUENDI VICHAKANI mgongoni mwangu, nilisikia kipaza sauti kikiita balozi arudi jukwaani. Nilirudi. Nilishika maikrofoni nikawaambia watu wapige makofi, kwa sababu kuanzia siku hiyo kijiji chao kilikuwa safi, na hakuna aliyekuwa akienda nje. Walipiga makofi. Kwaya iliimba. Yule mkaza mwana mwenye ufunguo alikuwa safu ya mbele, ana sauti nzuri sana.

Kesho yake studioni niligundua kwamba kinasa sauti kilikuwa kimening'inia shingoni mwangu muda wote huo, nacho kilikuwa kinarekodi. Ilikuwemo hotuba ya chifu, kisha sauti ya Kukhu ikisema choo ni ya wageni wa kuangalia, kisha majani ya mahindi. Nilisikiliza mara mbili. Nilijiambia huyo ni mtu mmoja. Nilijiambia ufunguo ulikosekana siku hiyo tu. Nilijiambia kijiji kiko safarini. Nikaikata sehemu hiyo, nikaweka kwaya mahali pake, na Alhamisi kipindi kikatoka kikiwa kitamu. Mhariri wetu, mtu mwema anayependa habari zenye matumaini kwa sababu wenye matangazo ya biashara nao wanazipenda, alisema hicho kilikuwa kipindi bora cha mwaka. Afisa wa mradi alikiweka kwenye ripoti yake.

Wiki chache baadaye mvua ilizidi. Mhudumu wa afya wa kile kijiji, mama anayejitolea kutembea nyumba kwa nyumba, alinipigia simu asubuhi moja. Watoto walikuwa wanahara. Foleni kwenye zahanati ilikuwa imetoka nje ya geti, na wazee wawili walikuwa wamepelekwa hospitali. Aliniambia watu wengi wanachota maji kwenye kisima kimoja kilicho bondeni, na mvua inateremsha kila kitu huko.

Kabla ya kumwambia mhariri, nilimpigia afisa wa mradi. Ona mahali nilipokuwa nimefika: mwandishi anapata habari, na wa kwanza kuambiwa ni mtu ambaye habari inamhusu. Akaongea kwa sauti ya kunibembeleza.

"Dada, wewe ni wetu. Hii ikitoka sasa, vijiji vingine vitakataa kuchimba. Utakuwa umeumiza watu kwa kusema ukweli. Ngoja kwanza, bana."

Hoja hiyo ilinishika siku mbili, na hata leo siwezi kusema ilikuwa ya kijinga. Vyoo ni vizuri. Watu waliokuwa wamevikataa wangefurahi. Kwa hiyo Alhamisi ilipofika, nikiwa najua ninayoyajua, nilitangaza kipindi kuhusu faida za papai. Nilikuwa na mtaalamu wa lishe, tukaongea juu ya mbegu na maganda. Tulipofungua simu, mama mmoja wa pande za Naitiri akaniuliza kwa adabu kama kuna kitu nimesikia kuhusu maji, kwa sababu wajukuu zake wawili chakula hakikai tumboni mwao. Nilimjibu kwamba nitafuatilia. Akanishukuru, akasema wao hapo nyumbani wananiamini. Mtaalamu wa lishe akasema papai husaidia tumbo.

Nilipotoka studioni nilikwenda moja kwa moja kwa mhariri nikamwambia kila kitu, pamoja na habari ya mahindi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza kama nataka kituo kichekwe na wilaya nzima.

"Wacheke," nikamwambia, "lakini wakicheka wachemshe maji."

Akakubali kwa shingo upande, kwa sharti kwamba kwanza niende nikasikie watu, nisije nikatangaza kwa hasira. Sharti hilo lilinikasirisha, na lilikuwa sharti zuri kuliko yote aliyowahi kunipa.

Tuliomba mhudumu wa afya asimame hewani mchana huohuo awaambie watu wachemshe maji ya kunywa na wasikawie kupeleka watoto zahanati. Mimi nikaenda Naitiri. Nilivaa sweta langu la kawaida. Kukhu nilimkuta kwake, mjukuu wake mdogo amelala mkekani pembeni, amekonda, lakini anakunywa uji. Alinikumbuka. Niliwasha kinasa sauti, safari hii nikimwonyesha, nikamuuliza kwa nini hawatumii choo. Nilitarajia aniambie ni uvivu au mazoea, maana ndivyo tulivyofundishwa kwenye semina.

Aliteremsha sauti, maana mzee wake alikuwa nyuma ya nyumba. Akanieleza kwamba boma lao lina choo kimoja, na ndani ya boma kuna mzee na mke wa kijana wao. Kwa mila yao baba mkwe hawezi kuingia mahali ambapo mke wa mtoto wake ametoka kujisaidia, wala yeye kuingia alikotoka baba mkwe. Ni aibu ambayo haiombewi msamaha. Choo kilipokuja, kila mmoja alimwachia mwenzake kwa heshima, mpaka kikabaki bila mtu. Wakaweka kofuli ili amani idumu.

"Na wewe, Kukhu?"

"Mimi niingie huko peke yangu kama askari jela?"

Majirani wengi, alisema, walikuwa na shida hiyohiyo. Wengine, wa bondeni, mashimo yao yalijaa maji mvua ilipoanza, wakaogopa watoto watatumbukia. Nilikulia saa moja hivi kutoka hapo. Kwetu mama mkwe na mkaza mwana hugombana juu ya kila kitu isipokuwa choo, kwa hiyo jambo hilo halikunijia akilini hata mara moja. Nikamuuliza kama walimwambia afisa wa mradi.

"Hakuuliza. Aliuliza kama tuko na choo. Tukasema tuko nayo."

"Na mimi mbona hukuniambia siku ile?"

"Wewe pia hukuuliza," akasema. "Wewe uliomba choo."

Kipindi kilichofuata nilikifungua kwa kujitaja mwenyewe. Nilisema niliongoza sherehe nikiwa ninajua vyoo vimefungwa, kwa sababu nilikuwa nimetoka kwenye mahindi, na kwamba niliikata sauti iliyosema hivyo. Kisha nikaipiga ile sauti, pamoja na yale majani. Nikamweka Kukhu, nikamweka mhudumu wa afya, nikasoma majibu ya shirika niliyoyaomba na kuyapata kwa maandishi, yaliyosema kwamba kijiji kiko safarini. Nikasema tena maji yachemshwe.

Watu walicheka, wa Kitale na wa Bungoma. Sokoni muuza nyanya mmoja aliniuliza kama nimekuja kwa miguu au kupitia mashambani. Chifu alinipigia akasema nimewaharibia jina na jiwe lao lenye maandishi sasa halina maana. Kutoka kwa shirika nilipata barua fupi ya kunivua ubalozi. Ilisema, kwa heshima, kwamba fulana naweza kubaki nayo.

Sikuwa nimemaliza kujiona shujaa nilipopata pigo ambalo sikulitarajia. Kwenye mazishi fulani karibu na Misikhu, mwanasiasa aliyekuwa akitafuta kura alisimama akasema hata redio imethibitisha kwamba vyoo vya wageni ndivyo vinaleta kuhara, kwa hiyo wananchi waachwe waishi kama walivyoishi babu zao. Alinitaja kama dada yetu jasiri. Nilimsikiliza kwenye simu ya mtu aliyemrekodi. Nilikuwa nimetoka upande mmoja kwa kishindo, kumbe upande wa pili ulikuwa umenitandikia kiti. Nilirudi hewani nikasema sikusema hivyo, kwamba ugonjwa ulitoka kwa uchafu uliokuwa nje na si uliokuwa ndani ya vyoo, na kwamba choo kinachotumika kingesaidia. Wasikilizaji wachache walipiga simu kuuliza kama nimelipwa na shirika. Mama alinipigia pia, kuniambia viazi viko tayari, nije na gunia.

Watoto wa kile kijiji walipona. Mmoja wa wale wazee wawili alikaa hospitali muda mrefu, akarudi nyumbani akiwa mdogo kuliko alivyokwenda. Nilienda kumsalimia. Hakutaka kuongea juu ya vyoo, nami sikumuuliza.

Afisa wa mradi hakupokea simu zangu hadi mvua ilipopungua. Kisha siku moja akatokea studioni mwenyewe, bila miadi, na tope kwenye viatu. Alikuwa amezunguka kijiji kile bila hema wala kwaya, akikaa na akina mama jikoni na wazee nje, kila kundi peke yake. Maboma mengine yalikuwa yameamua kuchimba shimo la pili upande wa pili wa nyumba. Yaliyokuwa na eneo dogo yaligawa kibanda kwa ukuta katikati, milango ikitazama pande tofauti. Wa bondeni walihamishia vyoo vyao kwenye mashamba ya ndugu zao walio juu kidogo, na huko ugomvi wa mipaka ulikuwa umeanza. Alinieleza hayo yote bila neno "fursa" hata mara moja. Aliniomba nimweke hewani. Nikamwambia nitamweka, lakini sitampa maswali mapema, na wimbo hautapigwa. Alifikiria, akakubali.

Alhamisi hiyo nilimuuliza kama ana hakika kwamba safari hii watu watavitumia. Akanyamaza. Kimya kwenye redio ni kirefu kuliko kimya kingine chochote, na mhariri alikuwa nyuma ya kioo akinipungia mikono niseme kitu. Sikusema.

"Sijui," afisa akajibu mwishowe. "Mtuulize tena mvua ikirudi."

Tukafungua simu. Ya kwanza ilitoka kwenye namba ya yule mkaza mwana mwenye sauti nzuri, lakini aliyeongea alikuwa Kukhu. Alisalimia studio nzima, akaulizia hali ya mtaalamu wa papai, kisha akasema mzee wake sasa ana mlango wake mwenyewe, umetazama upande wa mlima. Nikamuuliza kama anautumia.

"Anatumia sana," akasema. "Anaingia na redio. Sasa shida yetu ni kumtoa."

Afisa aliandika hilo kwenye daftari lake, nami nikamwomba Kukhu abaki kwenye laini.